Mafuta ya Nazi Kwenye Kamba ya Upinde

Kwetu Utange mafuta ya nazi hayakosi kazi. Mtoto akizaliwa hupakwa, nywele zikikatika hupakwa, mguu ukiteguka hukandwa, na bawaba ya mlango ikilia hutiwa tone ikanyamaza. Kwa hivyo siku nilipoona kamba ya upinde wa mume wangu imekauka na kuanza kutoa manyoya, sikuuliza mtu. Nilichukua chupa jikoni, nikajimiminia kiganjani, nikaipaka kamba nzima, kisha nikaurudisha upinde ukutani ukimetameta. Nilijiona fundi kweli.

Upinde wenyewe si ule wa mti. Ni wa chuma, una gurudumu dogo juu na jingine chini, na kamba zinakwenda na kurudi baina yake. Mume wangu alifundisha wageni kupiga mishale katika hoteli moja ya ufuoni kwa miaka mingi, na hoteli ilipofungwa, vitu vikiuzwa, yeye hakutaka kitanda wala friji. Alitaka upinde tu. Majirani walizoea kumcheka kwamba alikuwa akilipwa kwa kucheza na wazungu, naye akiwajibu kwamba kupiga mishale ni sunna, na wao sunna yao ni ipi, kushinda barazani? Kila siku baada ya sala ya alasiri alitoka uani, akapiga mishale kwenye gunia nililomjazia vitambaa vya cherehani, ukuta wa mawe ukiwa nyuma yake, nami nikashona huku nikisikia ile mishale ikiingia. Nilikuwa nikilalamika kuhusu kelele hizo. Sasa nazitamani.

Kiharusi kilimpata mwaka juzi, kikamshika upande wa kulia. Kwa rehema ya Mungu alisimama, akatembea, akarudi kula kwa mkono wake. Lakini siku moja alipoutoa upinde ukutani akajaribu kuvuta, kamba ilifika nusu ya njia ikamshinda, ikarudi. Aliutundika pale pale. Nilimwambia zile boliti mbili zinazoshika mabawa ya upinde, yale yanayopinda juu na chini, zinaweza kulegezwa uvutike kwa wepesi, mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo. Akanijibu, "Uwache ulivyo. Nikiweza nitauvuta hivyo hivyo, nisipoweza mpe mwenye nguvu." Tangu siku hiyo akikaa ukumbini alikaa akiupa mgongo. Mimi nilikuwa na ombi moja tu, nalo nililiomba kila nikisali: auvute tena, hata mara moja, nimwone yule mwanamume wangu akisimama kama alivyokuwa akisimama.

Ndiyo maana niliipaka kamba mafuta. Sikutaka siku atakapobadili nia aikute imeoza kwa hewa yetu hii ya chumvi.

Asubuhi yake nilisikia akiniita. "Bibi we! Ndoo uone wageni wako."

Sisimizi walikuwa wameipanda kamba yote, wengine wanakwenda juu, wengine wanashuka, wamebanana kama abiria wa Likoni feri ikishusha mlango.

"Umeipaka nini?"

"Mafuta ya nazi."

"Na chumvi hukutia? Ndimu je?" Akacheka. Alicheka mpaka akashika kiti, machozi yakamtoka, na mimi nilikuwa nimeshafungua kinywa nimjibu ovyo, maana sipendi kuchekwa, ndipo nikakumbuka kwamba tangu hospitali sijamsikia akicheka hivyo. Nikaufunga mdomo. Nikafurahi hata sikujua niangalie wapi.

Kicheko hicho ndicho kilichomtoa nje. Hakuweza kuvumilia nikiuharibu upinde wake mbele ya macho yake, kwa hivyo alikaa uani kwenye kiti akawa ananielekeza, na kunielekeza kwake ni kunigombeza. Kamba nikaifuta kwa kitambaa kikavu mpaka mafuta yote yakatoka. Nta nikainunua kwa mama anayeuza asali, donge la ukubwa wa kitumbua, linalotosha kwa miaka. "Sugua kwa vidole mpaka ipate joto," akaniambia, "hapo ndipo nta inaingia ndani ya nyuzi." Mihimili ya magurudumu nikaitia tone la mafuta ya cherehani, nikafuta lililobaki. Kamba mpya huagizwa mbali sana, na bei yake sitaki kuisikia tena.

Katikati ya kamba, pale mshale unapokaa, uzi uliozungushwa ulikuwa umelika. Yeye aliguna akasema hiyo basi tena, itabidi tutafute fundi. Fundi yupi? Nimeshona makanzu na mabuibui nusu ya maisha yangu, uzi unishinde leo? Nikatoa uzi wa nailoni, nikauzungusha kwa kuukaza, kila mzunguko ukimwegemea mwenzake, mwisho wake nikaupitisha chini nikauficha. Ulipendeza. Mshale ulipojaribiwa, ule mwanya wa mkiani mwake haukuingia kambani, uzi ulikuwa mnene mno. Nikaufumua wote, huku yeye akitazama mawingu asije akacheka tena, nikarudia kwa uzi mwembamba. Safari hii mshale ulikaa ukashika, na kamba ikigongwa kidogo kwa kidole, ukaanguka, kama inavyotakiwa. Alipitisha ukucha juu ya kazi yangu akasema, "Haya." Anayemjua mume wangu anajua kwamba hiyo ni sifa.

Nikaona hapo ndipo pa kusogea. Nikaleta spana ndogo ya pembe sita, ile ya mafundi wa baiskeli.

"Nataka kujaribu kuuvuta mimi," nikamwambia. "Kwa mkono wangu huu hauvutiki."

Aliitazama ile spana. Si mjinga, na mimi si hodari wa kuficha. Nilingoja anifukuze. "Robo mzunguko juu," akasema, "na robo chini. Usipeleke upande mmoja mbele. Na ukizidisha, bawa litachomoka likuvunje uso." Nililegeza robo kwa robo, na kila mara nikapima nafasi kati ya kamba na bawa, ya juu na ya chini, kwa futi yangu ya kushonea, zisipishane hata kwa unene wa uzi. Aliponiambia basi, nikaacha.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuangalia magurudumu. Mmoja huvuta, wa pili hutazama kama la juu na la chini yanafika pamoja, kwa sababu moja likichelewa mshale hauendi sawa. Mimi nivute, yeye atazame. Nikaweka mshale, maana upinde huu hauachiliwi mtupu hata siku moja, nikaelekea gunia, nikavuta. Sikudanganya, wallahi. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, nikakwama nusu.

"Unavuta kama unakuna nazi! Hebu leta hapa, magurudumu tazama wewe."

Akainuka. Akauchukua, akapanga miguu yake, ule wa kulia ukachelewa kidogo kisha ukatulia. Akavuta. Kamba ilifika pale pale ilipomshinda zamani, nami nikauma ncha ya mtandio wangu. Ikapita. Upinde wa namna hii uzito wake wote uko njiani. Mtu akishaupita, magurudumu hugeuka na mzigo ukawa mwepesi, akaweza kusimama nao na kupumua. Alisimama hivyo, mkono shavuni, kifua wazi, shingo imenyooka. Hakuachilia. Nikaingiwa na hofu.

"Bwana, achilia."

"Niwate kidogo," akasema kwa sauti ya chini. "Nimefika."

Alipoachilia, mshale uliingia chini kabisa ya gunia, mahali ambapo zamani angeona haya kupapiga. Hata hakuutazama. Alinigeukia, jasho likimtiririka.

"Yamefika pamoja?"

"Nini?"

"Magurudumu, mama! Si ndiyo kazi niliyokupa?"

Sikuwa nimeyaona. Nilikuwa nikimtazama yeye.

"Sijui," nikamwambia. "Sikuyatazama. Vuta tena."

Akanung'unika kwamba mke gani huyu, hafai hata kutazama gurudumu, huku mkono wake wa kulia umeshanyooka kwangu ukingoja mshale wa pili.