Reine wa Gitaza

Siku niliyokwenda Gitaza kumpiga mwanamke anayeitwa Reine, nilivaa raba za mwanangu ili nisiteleze.

Msicheke. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, Fahima, muuza mawese wa soko la Rumonge.

Mume wangu Mustafa ni fundi wa simu. Mtu mpole. Hanywi, havuti, akifunga kibanda anakuja nyumbani. Miaka kumi na miwili ya ndoa sikuwahi kupekua simu yake.

Kisha zikaanza Jumamosi.

Ya kwanza aliaga kwamba anakwenda Gitaza kuonana na mtu. Ya pili akarudi kulekule. Ya nne akabeba sukari kilo mbili na kitenge.

Kitenge! Mimi cha mwisho alininunulia Idi ya mwaka juzi.

Hapo ndipo nikashika simu yake.

Alikuwa akiandikiana na Olivier, rafiki yake tangu lycée, shule ya sekondari.

Olivier: "Reine umemuona?"

Mustafa: "Kwa macho yangu. Amezeeka kidogo, mugongo umelegea, lakini ndani iko muzima kabisa."

Olivier: "Mungu mukubwa! Utamuleta lini?"

Mustafa: "Mama hajakubali nimuchukue. Jumamosi narudi."

Jamani, nilikaa chini sakafuni.

Mama hajakubali nimchukue! Yaani ni posa. Mume wangu anaposa Gitaza na mimi niko hapa nasonga bugali.

Kilichoniuma zaidi ni huo mgongo. Angekuwa msichana wa miaka ishirini, ningesema wanaume ndivyo walivyo. Lakini mzee wa mgongo uliolegea? Ana nini ambacho mimi sina? Nilisimama mbele ya kioo nikautazama wangu. Umenyooka kama mchikichi!

Nikamweleza Zuwena, shoga yangu wa sokoni.

"Usimuulize," akasema. "Mwanaume ukimuuliza anaficha. Mufuate."

Jumamosi iliyofuata Mustafa akapanda gari la asubuhi. Sisi tukapanda la nyuma yake.

Pale Gitaza tukawauliza wanawake waliokuwa wanaanika ndagala, dagaa wa ziwani. Fundi wa simu wa kutoka Rumonge ameingia wapi? Wakatuonyesha nyumba moja karibu na maji, ya mjane wa mwalimu Bahizire.

Sikupiga hodi.

Nilimkuta mume wangu kwenye kiti, na mbele yake mama wa miaka sitini hivi, kichwa mvi tupu. Amevaa kile kitenge.

"Reine ndiye wewe?" nikafoka. "Mwizi wewe! Mjane mzima huna haya, unaiba waume za watu!"

Wanawake wa ndagala wakajaa mlangoni. Zuwena naye akatia chumvi yake.

Mustafa hakusimama hata. Aliniambia kwa sauti ndogo:

"Mama Baraka. Reine ni kitabu."

Kilikuwa mezani. Jalada limepauka, lina picha ya mwanamke mwenye taji amesimama ndani ya maji. *La Reine du Lac Noir*, yaani Malkia wa Ziwa Jeusi. Mgongo wake umeshikizwa na gundi.

Yule mama akainuka taratibu, akakitia kitabu ndani ya sanduku la bati, akafunga kufuli.

"Tokeni wote," akasema. "Kitabu hiki hakitoki hapa."

Njiani Mustafa hakugomba. Afadhali angegomba. Alinieleza tu.

Ni kitabu cha mchezo wa mezani. Watu wanakaa, mmoja anaongoza hadithi, wengine kila mtu anajifanya fulani: askari, mganga, mvuvi. Wanarusha dadu, hadithi inakwenda. Mwalimu Bahizire ndiye aliyekuwa nacho, na kila Jumamosi aliwachezesha wanafunzi wake, Mustafa na Olivier wakiwemo. Siku moja kitabu kikapotea. Hadithi yao ikakatikia katikati.

Na hakichapwi tena. Waliokichapa huko Ulaya walishafunga. Kwenye mtandao kuna mtu alikitajia bei ya pikipiki. Miaka kumi na minane Mustafa na Olivier wamekisaka, kwa mapadri, kwa wauza vitabu wanaotandaza chini Bujumbura, mpaka waliposikia mwalimu amefariki na mjane wake yuko Gitaza. Mustafa akaenda kutoa pole tu. Mama akamfungulia sanduku, akamwonyesha, lakini kumpa akakataa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungecheka. Mutu muzima na michezo."

Kweli ningecheka.

Wiki ile aliongea nami kwa adabu kama mgeni. Na mimi niseme ukweli wangu: wivu haukuisha. Ulihama tu, ukaenda kwenye karatasi. Mustafa hajawahi kunitafuta mimi hata siku moja jinsi alivyokitafuta kile kitabu.

Jumamosi nilirudi Gitaza peke yangu, na bidoni ya mawese, dumu zima.

"Amahoro, Mama."

"Amahoro," akajibu, bila kunipa kiti.

Nikaomba msamaha palepale nje, kwa sauti ileile niliyomtukania, wanawake wa ndagala wasikie wote. Ndipo akaniingiza ndani.

"Unajua nilikasirika kwa nini?"

"Nilikutukana, Mama."

"Matusi nimezoea. Uliniita mwizi."

Akaligeukia sanduku.

"Jumamosi zote za miaka ile, mume wangu na wale watoto wa shule wanacheka sebuleni, mimi niko jikoni peke yangu. Nikaona wivu. Siku moja nikakificha kitabu chini ya magunia ya maharage. Nikasema kesho nitamurudishia. Kesho nikaona haya. Kesho kutwa nikaogopa. Alikitafuta mpaka anakufa, mwanangu. Na kilikuwa ndani ya nyumba yake."

Nikaitua bidoni miguuni pake.

Akafungua kufuli, akaniwekea kitabu mikononi.

"Mume wako nilishindwa kumupa, kila akija ananiuliza kilikuwa wapi. Wewe utaelewa. Mupelekee. Mimi wangu sikumupelekea."

Garini nilikaa dirishani, upande wa ziwa. Dirisha lilikuwa wazi. Sidanganyi, wazo lilikuja. Nikikirusha majini, nani atajua? Nitasema mama alikataa.

Nikakikumbatia kwa mikono miwili mpaka Rumonge.

Mustafa alikipokea, akafungua katikati, akasoma mstari mmoja, akalia. Hata Baraka alipozaliwa hakulia.

"Miaka yote hii kilikuwa wapi?" akauliza.

"Mama alikitunza," nikasema.

Kisha, kabla sijajizuia: "Nina wivu nacho, Baba Baraka. Mpaka sasa hivi."

Akajifuta uso, akavuta kiti, akakiweka ubavuni kwake.

"Kaa. Nikusomee tulipoishia."

Mama wa Gitaza ameniruhusu niandike haya, ila jina la kweli la mumewe nimelibadilisha. Aliniomba niongeze neno moja tu: wivu useme siku ileile ulipokushika. Yeye alisubiri kesho, na ile kesho ikamchukua miaka kumi na minane.