Mlango wa Fundi Baiskeli

Wapangaji walimwita Bi Bisibisi, nyuma ya mgongo wake bila shaka, maana mbele yake nani angethubutu! Alikuwa na vyumba vitano vilivyozunguka ua mmoja, choo kimoja na bomba moja. Mpangaji akimchosha, hakugombana naye wala kumwitia watu. Alingoja atoke kwenda kazini, akachukua bisibisi ya marehemu mumewe, akafungua bawaba, akang'oa mlango. "Nimeupeleka ukarekebishwe," angesema, macho makavu kabisa. Mlango haukurudi ng'o! Sasa mtu atalala wazi mpaka lini? Siku mbili tatu, mwenyewe anafunga virago.

Sharti lake lilikuwa moja tu: chumba kimoja, mtu mmoja. Zamani alimpokea bwana mmoja mpole, bwana akaleta shemeji, shemeji akaleta wenzake, shimo la choo likafurika mpaka uani. Tangu hapo habari za wageni hakutaka hata kuzisikia.

Fundi baiskeli, aliyepakana naye ukuta kwa ukuta, hakuwa na neno na mtu. Salamu haimpiti, ua anafagia bila kuombwa. Lakini palikuwa na kitu. Kwenye kamba anaanika shuka mbili. Kwenye karai, vikombe viwili. Alfajiri anasikika akinong'ona, na mtu mzima na akili zake atanong'ona na nani, na ukuta? Halafu kile kitambaa! Alikuwa amefunga kipande cha shati kuukuu kwenye komeo la mlango, nje, fundo juu ya fundo. Bi Bisibisi alikishika, akakigeuza, akakinusa. Cha nini? Dawa? Alama ya mwanamke? Alikula akikiwaza, akalala akikiwaza.

"Fundi," alimwuliza siku moja, "humo ndani kuna nani?"

"Mimi tu, mama."

"Na shuka ya pili?"

"Ya akiba."

"Akiba inachafukaje?"

Fundi aliinama, akaanza kuikagua pampu yake utadhani ndiyo kwanza anaiona.

"Haya, tafuta kwingine. Mwezi ukiisha uwe umehama."

"Nimeshatafuta, mama. Hakuna anayenipokea."

"Kijana mstaarabu kama wewe? Mbona sikuelewi!"

Mwezi ukaisha, fundi yupo. Basi asubuhi moja, alipotoka tu na sanduku lake la vifaa, bisibisi nayo ikatoka. Mlango uling'oka bila shida. Bi Bisibisi akachungulia: kitanda kimetandikwa, jiko, ndoo, na pazia lililokata chumba nusu kwa nusu. Nyuma ya pazia kuna nini?

"Hodi!" akaita. Kimya.

Hapo ndipo alipoteseka, maskini. Aliwahi kusingiziwa kuiba redio ya mpangaji, akaapa kwamba mguu wake hautavuka tena kizingiti cha mtu. Alisimama pale shingo imerefuka, vidole vya miguu vinamwasha, asiingie, asiondoke. Mwisho akasonya, akaubeba mlango. Wake mwenyewe ulikuwa umeliwa na mchwa, basi akautoa na kuutundika huu wa fundi badala yake. Kitambaa alikiacha palepale kwenye komeo, kwa kuwa uchunguzi ulikuwa haujaisha. Kisha akaenda dukani kununua sabuni.

Aliporudi, akakuta mlango wa chumba chake uko wazi. Mwizi! Akakamata ufagio, akaingia kwa kunyata.

Kitandani kwake alilala bibi kizee, mdogo, amejikunja, viatu vyake vimepangwa vizuri chini. Macho yalikuwa wazi, yana ukungu mweupe.

"Mwanangu, leo umewahi," bibi akasema, uso ameuelekeza ukutani. "Usinikasirikie. Nilibanwa na haja, nikatoka mwenyewe. Kurudi nimepapasa ukuta mpaka nikakipata kitambaa chetu."

Bi Bisibisi akaushusha ufagio.

"Ila leo nimefanya vizuri," bibi akaendelea, akishusha sauti. "Mtu alikuja akabisha hodi. Sikukohoa hata kidogo. Niliing'ata shuka."

Loo! Aibu ilimpanda Bi Bisibisi mpaka masikio yakamwaka moto. Kumbe ndicho alichokuwa akikitafuta siku zote hizi, mama wa mtu anayeng'ata shuka kwa kumwogopa yeye. Alijichukia, na hakujificha kwamba anajichukia. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama," akasema, "kohoa."

Bibi akashtuka. "Wewe nani?"

"Mwenye nyumba."

Mikono ya bibi ikaanza kupapasa viatu. "Nimepotea tu. Mwanangu hana kosa. Naondoka sasa hivi, mama, naondoka."

"Huendi popote. Lala. Kohoa tu."

Bibi akakohoa. Alikohoa kwa muda mrefu, kikohozi cha miezi, na Bi Bisibisi akamsugua mgongo mpaka kikatulia.

Jioni fundi alikuta mlango wake umerudi mahali pake, kitambaa kimefungwa upya, na mama yake amekaa nje na kikombe cha chai. Sanduku la vifaa likamponyoka.

"Mama mwenye nyumba, nisamehe. Kesho tunahama."

"Mhame mwende wapi?" Bi Bisibisi alifoka, akimnyooshea bisibisi. "Shika hii, unitengenezee mlango. Huoni mwenzio nalala wazi?"