Jezi ya Kipa Nyuma ya Mlango

Harufu ya jezi ya mpira iliyoloa tope, jasho na dawa ya kuchua, usiniambie inafanana na harufu nyingine yoyote duniani. Jumamosi nimeingia jikoni kwetu hapa Tottenham, ghorofa ya saba, nikaikuta inaning'inia nyuma ya mlango. Ya mjukuu wangu Danieli, kipa wa timu ya chuo chake. Na kipa kweli, nyie! Mikono kama beleshi. Ila fainali wamefungwa. Nikaivuta niitie kwenye mashine, kijana akaruka.

"No, Bibi! Haifuliwi mpaka tulipize. Si wewe uliyenisimulia?"

Ni mimi. Lakini nilimsimulia nusu.

Kaka yangu Elia alikuwa kipa wa chuo cha ualimu, kule kwetu milimani. Mimi nilikuwa na umri wa kupewa mbuzi wawili nikachunge, nikarudi na mmoja. Fainali walicheza na chuo cha kilimo, na mvua ilinyesha mpaka mpira ukawa mzito kama boga. Mwisho mwisho ukaja taratibu, kama mgeni aliyealikwa, ukapita katikati ya miguu ya kaka yangu. Uwanja mzima ukaangua kicheko. "Kipa, funga mlango, mbuzi wanatoka!" Maneno hayo yalinifuata hadi kisimani, wasichana wakubwa walinipokea nayo kabla sijatua ndoo.

Elia hakula. Alipigilia msumari nyuma ya mlango, akatundika jezi na tope lake.

"Mama, usiifue. Mwakani tunashinda, ndipo utaifua."

"Itanuka mpaka mbuzi wahame."

"Si wahame!" Akacheka, mara ya kwanza tangu mechi.

Kuanzia hapo kila jioni alinipa malimau nimrushie uani kwa nguvu zangu zote. Aliyoyadaka yalirudi kapuni, yaliyompita na kupasuka tulikamulia uji. Kiangazi kilipofika, uji wetu haukuwa na limau hata tone. Baba alilalamika, Elia akavimba kifua.

Kisha homa ikamshika. Hospitali ya misheni ilikuwa mbali. Wanaume walimbeba kwa machela, wakamrudisha kwa machela ile ile, uso umefunikwa.

Wenzake walicheza na kipa mwingine, vitambaa vyeusi mikononi, wakashinda. Wakaja na kombe mpaka kwetu, hawakuimba, wakaliweka kizingitini, wakasimama kama watu waliosahau walichofuata.

Mimi nilifurahi, kusema kweli. Si alisema tukishinda? Nikateka maji, nikakata kipande cha sabuni ya mche, nikapanda kigoda nikaishusha jezi. "Mama, tumeshinda! Tuifue!"

Mama, ambaye hakuwahi kunigusa hata kwa ukuti, alinizaba kofi. Akanipokonya jezi, akazamisha uso ndani yake, akakaa hivyo hivyo. Mimi nikabaki kwenye karai, sabuni inayeyukia mkononi, nikiwaza kwamba maskini mama, mpira haujui, hajaelewa kuwa tumeshinda.

Asiyeelewa alikuwa nani? Nilikuja kujua nilipomzika mume wangu, hapa hapa London. Nimerudi kutoka makaburini nikakuta binti zangu wameshafua mashuka yake na foronya yake, kwa wema kabisa, kwa sabuni inayonukia maua. Nikawashukuru. Kisha nikajifungia chooni, nikamlilia mama.

Nusu hiyo Danieli hana, na sitampa sasa. Jezi bado iko nyuma ya mlango. Mama yake akitoka zamu anaziba pua, ananiuliza, "Mama, hiki kitu kitakaa humu mpaka lini?" Namwambia afungue dirisha, asiiguse.

Marudiano ni mwezi ujao. Washinde, wafungwe, mimi hayo yalishanitoka. Nataka arudi tu nyumbani na matope yake, aishushe kwa mikono yake mwenyewe.