Wifi Yangu Anasukia kwa Mbele

Mimi ndiye niliyesema anadeka. Nianze na hilo, maana watu wa saluni wana midomo, mngeambiwa tu. Nilisema anadeka, nikasema anatafuta huruma ya kaka yangu, na siku niliyoamka vibaya nikasema ni ugonjwa gani huo unaosubiri Jumamosi, wateja wajae, ndipo na wenyewe uamke.

Saluni ni yangu. Viti vinne, vioo vinne, na dirisha moja linalotazamana na duka la dawa. Kiti cha dirishani ni cha wifi yangu, mke wa kaka yangu mdogo. Wateja wanamwita Vidole, na hilo jina amelitolea jasho. Misuko yake ni myembamba, imenyooka, na hakuvuti nywele mpaka macho yakutoke. Kuna watu walikuwa wanasubiri kutwa nzima wasukwe na yeye, huku mimi mwenye saluni nimekaa na kitana mkononi nahesabu magari barabarani. Wivu? Ulikuwepo, nisiwadanganye.

Miaka minne iliyopita alifanyiwa upasuaji, wakamtoa uvimbe kwenye kizazi. Ulikwenda salama. Kidonda kikafunga, kikabaki kimstari chini ya kitovu, na aliponionyesha nikasema, ah, hiki tu? Baada ya miezi mitatu akarudi kazini. Haukupita muda akaanza kulalamika.

"Wifi, kuna kitu kinanivuta ndani."

"Kinakuvuta vipi?"

"Sijui nikwambieje. Nikijinyoosha, tumbo linagoma. Nikila, chakula kinafika mahali kinasimama."

Wakampima damu, wakampima mkojo, wakampiga picha ya tumbo mara tatu. Majibu safi. Sasa mtu majibu yake safi, anatembea, anacheka, jana kala, halafu leo anakwambia anaumwa, utafanyaje? Mimi nilifanya walivyofanya wengi. Nilimsikiliza wiki mbili, nikachoka.

Kwa wasioijua kazi yetu niwaeleze. Msusi anakaa kwenye kiti, mteja anakaa kwenye kigoda katikati ya magoti ya msusi, amempa mgongo. Saa ya kwanza mteja amekaa wima, anapiga soga. Saa ya pili mgongo unalegea. Saa ya tatu kichwa kimeshalala kwenye tumbo la msusi, na wapo wanaokoroma kabisa, mate yanawatoka. Ndivyo tulivyofundishwa sote. Hakuna anayeuliza kama tumbo la msusi lina habari zake.

Vidole akaanza kuweka mto tumboni. Mto ukahama hama. Akajaribu kusuka amesimama, miguu ikavimba. Mwisho akageuza kigoda, mteja akakaa anamtazama, naye akasuka kwa mbele, amenyoosha mikono juu ya paji la mtu. Hebu fikiria, saa tano mnatazamana puani. Wateja wakaanza kunong'ona. "Dada, mimi nilikuja kusukwa, sikuja kuhojiwa." Mmoja akasema hajui aweke wapi macho. Wengine wakahamia kwangu, wengine wakahama saluni kabisa.

Nikamwambia mwisho wa mwezi kiti chake nampa msusi mwingine, kuna mwanamke ameshakuja kukiulizia mara tatu. Hakulia. Aliendelea kukunja taulo.

"Wifi, nyumbani sifui tena. Ndoo ya maji ananibebea mume wangu. Kitandani nikitaka kugeuka naanza kujipanga kwanza, mkono hapa, goti pale. Mahali nilipobaki mtu ni hapa kwenye hiki kiti. Nyang'anya vyote, hiki niachie."

"Basi suka kama wenzako," nikamjibu, nikawasha kikausha nywele ili nisisikie zaidi.

Ijumaa moja akaja bibi harusi, kesho yake ndiyo ndoa. Ana kovu dogo la moto karibu na jicho la kushoto, na alichotaka ni kimoja tu: misuko yote iangukie kushoto, ilifunike. Alikuja na picha kwenye simu. Vidole akamkalisha mbele yake, akaitazama picha, akaanza.

Sikilizeni kosa lilivyotokea, maana ni la kisusi hasa. Sisi tunaokaa nyuma ya mteja, ukitupa picha, tunaigeuza kichwani: kilichopo kushoto kwenye picha tunakipeleka kulia. Tumefanya hivyo miaka mpaka vidole vinageuza vyenyewe. Vidole naye alikuwa na miaka kumi na tano ya kugeuza. Sasa amekaa mbele, hatakiwi kugeuza tena, lakini mikono yake haikuambiwa. Alisuka saa tano, kazi safi, na alipompa bibi harusi kioo, misuko yote imelala kulia. Kovu liko wazi, linatazama watu.

Binti alipiga ukelele hata mwuza dawa akatoka dukani kwake. Mama yake akasimama. Na mimi, badala ya kutuliza mambo, nikapanda juu.

"Unaona sasa? Unaona kudeka kwako kunapotufikisha? Miaka minne tumbo, tumbo, tumbo! Daktari hajaona kitu, mashine haijaona kitu, wewe tu ndiye unayekiona! Fumua hizo nywele zote, na umsuke kama binadamu wanavyosuka!"

Saluni ilikuwa imejaa. Vidole alinitazama mara moja tu, akageuza kigoda.

Alifumua, akasuka upya. Ningeweza kushika kichwa nusu, tukasaidiana, lakini nilikuwa na kiburi changu nakilea. Bibi harusi alikuwa amechoka kwa kulia, kichwa chake kilianguka tumboni kwa Vidole hata saa moja haijafika. Vidole hakukiinua. Alikuwa anasuka, anasimama kidogo, anapumua kwa mdomo, anasuka tena. Jasho jembamba lilikuwa linamtoka juu ya mdomo. Chakula hakugusa. Alipomaliza, misuko imeangukia kushoto, nzuri mno, binti anacheka, mimi nikamwambia mbele ya wote, "Si umeona? Hujafa."

Hayo maneno niliyasema mimi, kwa mdomo huu huu.

Asubuhi kaka yangu akanipigia simu. Vidole anatapika, matapishi ya kijani, tumbo limejaa, hata upepo hautoki. Nilifunga saluni nikaenda hospitali na ndara za kuogea miguuni. Nilimkuta amewekewa mpira puani, dripu mkononi, hawezi kuzungumza vizuri. Kaka yangu alikuwa ameenda kufuatilia vipimo. Daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani, akaniuliza mimi ni nani kwake.

"Wifi yake. Tunafanya kazi pamoja."

"Vizuri, wewe unakuwa naye kutwa. Maumivu huwa yanaanzia upande gani?"

Nikatazama ndara zangu.

"Yanakuja akishakula, au hata akiwa na njaa? Kuna chakula kinachomsumbua zaidi? Akikaa anapata nafuu, au akilala?"

Jamani. Miaka minne, kiti changu na chake havipishani hata hatua tatu. Nilikuwa najua mume wake anakoroma vipi, najua saizi ya viatu vyake, najua alimchukia nani shuleni. Katika aliyoyauliza daktari sikulijua hata moja. Daktari alisubiri, kalamu mkononi, halafu akaandika kitu na hakuniuliza tena. Aibu niliyoipata pale siwezi kuwasimulia.

Baadaye alitueleza, mimi na kaka yangu. Tumbo likishakatwa, huwa linapona kwa ndani pia, na linapopona linaweza kuota makovu. Makovu hayo yanashikanisha utumbo na utumbo, au utumbo na ukuta wa tumbo, vitu ambavyo vinatakiwa viteleze. Mara nyingi hayaonekani kwenye picha. Yanavuta, yanauma, na siku nyingine yanakunja utumbo hadi unaziba.

"Si mkayakate basi," kaka yangu akasema.

"Tukiyakata tumemfungulia tumbo tena, na tumbo likifunguliwa linaweza kuota mengine. Tutasubiri kwanza. Akijamba, tutajua njia imefunguka."

Nikamwuliza kama ni kile kichwa kilicholala tumboni Ijumaa. Akasema hawezi kujua, huenda ingetokea hata angekuwa amelala kwake. Nilitaka aseme ndiyo au hapana. Hakusema.

Basi tukakaa siku tatu, watu wazima na akili zetu, tunamwomba Mungu wifi ajambe. Siku ya tatu mchana akajamba. Mgonjwa wa kitanda cha pili akapiga makofi, nesi akaitikia "Hongera!" na kaka yangu, mwanamume na ndevu zake, akageukia ukutani akalia. Vidole akacheka, akashika tumbo, akaacha kucheka.

Mpira ulipotolewa nikavuta kiti nikaanza. Nisamehe wifi, shetani alinipitia, sikujua. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Wifi, nimechoka," akasema. "Sina nguvu ya kukasirika, na ya kukusamehe pia sina. Ila ulinisema mbele ya watu. Nenda ukaniseme tena mbele ya watu, hapo hapo."

Wiki tatu baadaye akarudi kazini, uso umekwisha, gauni linamwelea mwilini. Nilichagua Jumamosi, saluni imefurika. Yule mwanamke aliyekuwa anataka kiti nilikuwa nimeshamwambia aende zake. Nikasimama katikati, nikazima redio.

"Jamani, nilisema wifi yangu anadeka. Nilisema uongo. Anaumwa, na ataendelea kuumwa, kiti kile ni chake, na atakusukeni kwa mbele. Asiyetaka mlango ule pale."

Nilidhani nimemaliza. Mteja mmoja, karani mwenye sauti ya upole, akauliza, "Pole yake. Anaumwa nini?"

Nikaeleza. Upasuaji, makovu, utumbo kushikana.

"Mbona upasuaji wenyewe ni wa siku nyingi?"

Nikaeleza tena, nikaonyesha kwa mikono, nikashika taulo mbili nikazikunja pamoja waone.

"Na picha hazionyeshi?"

"Hazionyeshi."

"Mh," akasema karani, akageukia kioo. "Mdogo wangu naye alikuwa na mambo hayo hayo. Sisi tukajua ni mawazo tu. Angalia wifi yako mwenyewe, mbona kapendeza? Aweke tu akili sawa, atapona."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyesema kwa ubaya, na hapo ndipo nilipotaka kurusha kitana. Nikaanza tena toka mwanzo, sauti imepanda, nataja mpira wa puani, nataja matapishi, naapa kwa jina la mama yangu. Nilikuwa naona kabisa hayaingii. Wananitazama kama mtu anayetia chumvi.

Nikakaa. Vidole alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, mkono umeshika ubavu, ananiangalia.

"Umechoka, wifi?"

"Nimechoka."

"Ndiyo kwanza saa nne asubuhi," akasema, akamwita mteja wake, akamkalisha mbele yake.