Kiti Nilichomvutia Mfiwa

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyotoka mtaa wa Columbia Heights na begi moja, bila kujua niendako. Shule nilikuwa nimeiacha mapema, lakini udadisi haukuniacha. Nikashukia kitongoji cha Riverdale Park, nikaulizia chumba cha kupanga, nikaelekezwa kwa Bi Zuhura, Mzanzibari aliyekuwa akihudumia wazee majumbani.

"Chumba kipo," aliniambia, "ila sasa hivi naenda matangani. Hebu nibebee hii sufuria ya mayai ya kuchemsha."

Njiani akanieleza. Wafiwa walikuwa jirani zake, Wayahudi, mtu na mkewe, na mayai ndiyo desturi yao ya msibani. Binti yao wa pekee, Hana, alikuwa amezikwa juzi. "Mama yake tangu makaburini hajatoa neno," alisema. "Naogopa atavunjikia ndani."

Tulikuta mlango wazi, vioo vimefunikwa shuka. Baba na mama walikuwa kwenye viti vifupi, karibu wakae sakafuni, na wageni kimya. Mimi sikulelewa hivyo. Mtu mzima akae chini, mimi nimesimama? Nikavuta kiti cha mezani.

"Mama, keti hapa juu. Usilie, Mungu ana..."

Bi Zuhura akanifinya. "We! Funga domo. Hapa mgeni hasemi mpaka mfiwa aanze. Na kiti cha watu rudisha!"

Nikakirudisha, uso umenishuka. Tukakaa muda mrefu, na ulimi ukiniwasha, si utani.

Ndipo yule mama akasema, "Alikuwa akiimba bafuni. Vibaya sana!"

Mtu akacheka. Naye akacheka, kisha akalia kwa sauti, na akaendelea kusimulia habari za Hana mpaka alasiri. Hakuna aliyemkatiza.

Watu kumi walipotimia, idadi inayotakiwa kwa sala yao ya msiba, baba alisimama kuomba, nao wakamwitikia amina. Baadaye nilishindwa kujizuia, nikamwuliza baba yule maana ya sala ile.

"Ni kumsifu Mungu tu," alisema. "Kifo hakitajwi humo. Leo moyoni sina sifa hata moja, kijana. Lakini baba yangu aliyasema maneno haya, na hawa wananiitikia. Nikiishiwa nguvu, wananishika."

Jioni hiyo Bi Zuhura alinipa ufunguo wa chumba. Hakunigombeza tena.

Basi mwanangu, ukienda kwa mfiwa, usiwe na haraka ya kumwinua. Kaa alipokaa. Mwache ataje jina la marehemu wake yeye kwanza, na imani yake usiisahihishe. Huenda ndiyo iliyomshikilia. Mungu akupe subira ya kunyamaza, na siku yako ya majonzi asikukoseshe wa kukuitikia amina.