Baba Mkwe Alipokwama Kwenye Televizyo

Sitajificha. Katika mtaa wetu, upande wa Kavimvira hapa Uvira, televizyo ni nyingi, lakini televizyo yenye mtambo uliotengenezwa na mwenye nyumba kwa mikono yake ni moja tu, na mwenye nyumba huyo ni mimi. Shule niliiachia darasa la tano. Nikabeba magunia bandarini, nikachaji simu za watu kwa betri ya gari karibu na mpaka, na leo nina duka langu la kutengeneza redio na nyumba ya matofali ya kuchoma. Nayaandika haya ili msomaji ajue anasimuliwa na nani, si kwa kujisifu. Anayetaka kunisikia nikijisifu aje dukani siku ya soko.

Mtambo wenyewe uko hivi. Nilinunua ordinateri, kompyuta ya mkononi iliyopasuka kioo, kwa mfanyabiashara aliyevuka nayo kutoka Burundi. Yeye aliiona maiti. Mimi nikang'oa kioo, nikauingiza mwili ndani ya kisanduku cha mbao, nikauunga na televizyo kwa waya mmoja, nikaongeza disiki kubwa iliyojaa filamu, mahubiri, mpira na harusi za ukoo mzima. Juu ya kisanduku nikatoboa matundu kumi na mawili kwa msumari wa moto, ili joto lipate pa kutokea. Matundu hayo ndiyo niliyojivunia kuliko yote. Kila mgeni nilimshika mkono nikamwekea kiganja juu yake, nikamwambia: "Sikia. Kinapumua." Jirani yetu, mwalimu wa fizikia ambaye mtaa mzima unamwita Profesa, mtu wa diploma mbili ambaye redio yake haiishi kurudi dukani kwangu, alishawekewa kiganja hapo mara nne.

Sasa nije kwa mama mkwe wangu. Anaishi Lemera, milimani, analima. Binti yetu mkubwa alipoolewa, mguu ulimkatalia kushuka. Baba mkwe akashuka peke yake na viatu vipya, akapewa mikro, akasema maneno yake, akarudi mlimani. Mkewe alipomuuliza alisema nini mbele za watu, alimjibu: "Nilisema vizuri." Basi, hakuongeza neno. Mvua zilipoanza akaugua, na kabla hazijaisha tukamzika.

Tangu siku hiyo mama mkwe alimuuliza kila aliyekuwa harusini: mume wangu alisema nini? Watu wakakumbuka nyama. Mke wangu alikuwa analia wakati ule, hakusikia kitu. Mimi nilikuwa nyuma ya hema na jenereta ya vipaza sauti, kwa sababu bila mimi ile jenereta haikuwa inamtii mtu. Filamu ya harusi ninayo, na nimeitazama mara nyingi sana, zile sehemu nilizomo.

Kwa hiyo aliposhuka safari hii kwa mkutano wa akina mama wa kanisa, nilimtuma mke wangu ampelekee neno: Jumapili baada ya ibada, mama aje salon, sebuleni kwetu, amwone mume wake kwenye kioo kikubwa na kumsikia. Kwenye simu alishaonyeshwa picha mara moja. Aliona doa jeupe, akaambiwa ndiye mume wake. Jumatatu asubuhi alikuwa anapanda tena Lemera, na kwa mguu ule hakuna aliyejua kama angeshuka tena.

Kulikuwa na jambo moja. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana: hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, hawatazamani usoni, na wakitaka kuambiana kitu hupitia kwa mtu mwingine. Mjini wengi wameacha. Yeye hajaacha, na mimi siwezi kuwa wa kwanza kumfundisha. Ndiyo maana aliyeutengeneza mtambo alipaswa kukaa nje kwenye barza, nyuma ya rido, pazia la mlango, na telekomande ya kuuendesha ikae ndani mkononi mwa mke wangu. Sikuwa na wasiwasi. Asubuhi kabla ya ibada nilikuwa nimeipitisha filamu nzima, sauti nimeizima, na haikukwama hata mara moja.

Mama mkwe alifika na dada yake aliyemlaza kwake Kasenga. Dada yake akaaga hapo hapo mlangoni, na mimi nikageuza uso ukutani mpaka mama alipopita. Alileta maharage, ndizi, na kitambaa alichofuma mwenyewe kwa uzi mweupe na pindo la njano, kizito kama blanketi la mtoto. Kwetu kitu cha heshima hakikai uchi: redio, frigo, mgongo wa kiti, hata mtungi wa maji, vyote vina kitambaa chake. Nikamsikia mke wangu nyuma ya rido:

"Baba watoto, nakivalisha kisanduku chako kitambaa cha mama."

"Vizuri kabisa," nikajibu. "Kinastahili."

Niliyasema hayo kwa mdomo wangu.

Profesa naye akaingia bila kualikwa. Kwa kuwa yeye si mkwe wa mtu pale ndani, alipita mbele yangu, akafungua rido, akaketi kwenye fotei yangu. Niliijua kwa mlio wake.

Filamu ikaanza vizuri. Nilizisikia honi za magari, kwaya, kelele za kukata keki. Nilisikia pia sauti yangu ikiwakaribisha wageni, na inafaa nikiri kwamba ilikuwa sauti nzuri. Kisha kwaya ikaanza kukatika vipande vipande, kama mtu anayeimba juu ya pikipiki kwenye barabara ya mawe. Na hapo hapo baba mkwe akasimama kusema.

"Amesimama," akasema mke wangu. "Ameshika mikro. Amefungua mdomo." Nikatega sikio. "Bado amefungua mdomo."

"Iko anangoja nini?" mama mkwe akamuuliza binti yake.

"Imekwama, mama."

"Hata akiwa mzima alikuwa anakawia kuanza."

Profesa akapaza sauti kuelekea kwangu: "Ndugu fundi, baba mkwe wako yuko mdomo wazi hapa. Tumfanyie nini?"

"Ni kuran," nikasema. "Umeme umeshuka. Mama watoto, chomoa frigo, zima kila kitu, uanze tena."

Akachomoa, wakangoja kidogo, akawasha. Filamu ikaenda safi. Nikakohoa, ili Profesa ajue kwamba nimekohoa. Ilienda kama dakika tano, watu wakafika tena kwenye kwaya, kwaya ikakatika, mzee akasimama, akashika mikro, akafungua mdomo, akabaki.

"Basi ni waya," nikasema. "Sukuma waya wa televizyo, uko umelegea."

"Waya ukilegea, picha inapotea," akasema Profesa. "Hii picha ipo. Mzee namuona mpaka meno."

"Profesa, weye ulishawahi kutengeneza moja ya hizi?"

"Hapana."

"Basi tuwaachie waliotengeneza."

Akasukuma waya. Mzee hakufunga mdomo. Nikasema ni disiki imechoka, filamu ihamishwe kutoka disiki kubwa iingie tumboni mwa ordinateri yenyewe. Kuhamisha kulichukua muda wa kupika chai na kuinywa, na mtambo wenyewe wakati huo ulikuwa haufanyi kazi kubwa. Kwa hiyo filamu ilipoanza upya ilienda vizuri tena, na mimi kule barza nikatangaza kwamba niliwaambia, ilikuwa disiki. Mpita njia mmoja aliyekuwa hajui lolote alinipongeza. Kisha kwaya ikaingia barabara ya mawe.

Profesa akatoa mawazo yake. Filamu ni nzito, alisema, picha ni kubwa kuliko nguvu za mashine, ndiyo sababu inahema. Ipunguzwe. Nikamwambia ilipita yote asubuhi bila kuhema, nzito ilivyo. Akaniuliza: "Kati ya asubuhi na sasa mmebadilisha nini?"

Lilikuwa swali zuri, la mtu aliyesoma, kwa hiyo nililikataa mara moja. "Hakuna," nikasema. "Ni wewe tu umeingia."

Wakacheka ndani. Mama mkwe hakucheka. Nilimsikia akimwambia mke wangu polepole, kwa sauti ambayo haikuwa ya kunifikia lakini ilinifikia: "Kama haiwezekani, mwambie asichoke. Nimeona amevaa vile viatu. Inatosha, nitapanda nayo hiyo."

Hapo kitu kikanishika. Mpaka dakika ile nilidhani tunahangaika kwa ajili ya jina langu. Jina langu lilikuwa salama. Lingepona kwa uongo mdogo wa wiki moja. Yule mama ndiye aliyekuwa anarudi mlimani na mume mwenye mdomo wazi.

"Mama watoto," nikasema, "weka kiganja juu ya kisanduku."

"Yo. Inachoma kama pasi."

Mara hiyo hiyo nikajua. Nikayaona matundu yangu kumi na mawili, yale niliyowashikisha nusu ya Kavimvira, yamelala chini ya kitambaa kizito kama blanketi la mtoto. Mashine ikizidiwa na joto hujipunguza mwendo ili isiungue. Ikizimwa kidogo inapoa, inakimbia tena dakika tano. Hayo hakuna aliyenifundisha, nilishayaona kwenye ordinateri kumi za watu, na kila mmoja wao nilimcheka.

Lakini utasemaje? Zawadi ya mama mkwe, siku ileile aliyoileta, machoni pake, mkwe aamuru ivuliwe. Kuna watu walionyang'anywa wake zao kwa madogo kuliko hayo. Nikajaribu kuzunguka.

"Mama watoto, mtambo unaomba hewa."

Akafungua madirisha.

"Hewa ya juu."

"Juu wapi? Nitoboe mabati?"

"Ndugu fundi," akasema Profesa, na kwa sauti yake nikajua kwamba yeye naye ameshaelewa na hataniokoa, "sema wazi. Sehemu gani ya juu?"

Nilisimama nikalishika rido, nikaliachia. Nikazungumza na ukuta, ndiyo heshima.

"Mama watoto, mwambie mama hivi. Kitambaa chake ni kizuri kuliko kisanduku changu. Kisanduku hakiwezi kukivaa, kinakosa pumzi. Kosa si la kitambaa. Kosa ni la mtu aliyesema 'vizuri kabisa' bila kufikiri, na mtu huyo ni minye mwenyewe."

Mke wangu hakurudia neno hata moja, maana yalikuwa yamesikika yote. Kisha mama mkwe akamwambia binti yake:

"Minye nilikileta kwa ajili ya meza. Ni nyinyi mumekivalisha kisanduku."

Mlio wa fotei ukanijulisha kwamba Profesa anatikisika kwa kicheko.

Mama alikivua mwenyewe. Mke wangu akaleta kipepeo cha mkaa kutoka jikoni wakaupepea mtambo, mama na binti kwa zamu, kama wanaowasha jiko la mbabula. Safari hii hawakurudi mwanzo. Walianzia kwenye kwaya, na kwaya ikaimba mpaka mwisho. Mzee akasimama, akashika mikro, akafungua mdomo, na sauti ikatoka, nzito na ya polepole, hadi nje kwangu.

Alimbariki mjukuu wake kwa maneno machache, yale ya kila babu. Halafu akasema: "Bibi yako amebaki mlimani kwa ajili ya mguu. Nikifika ataniuliza nilisema nini, na minye nitakuwa nimesahau. Basi wenye kamera wakamate hili. Mama watoto, viatu hivi vinabana. Ulisema vitabana, nikakukatalia mbele ya watoto. Ulisema kweli. Na huyu mkwe wetu anayepiga kelele nyuma ya hema na jenereta, msimuogope. Anasema sana, lakini taa zake zinawaka."

Watu wa harusini wakapiga makofi.

"Rudisha," akasema mama mkwe.

"Pale pa baraka, mama?"

"Pale pa viatu."

Walirudisha mara tatu, huku mtu akipepea. Mara ya tatu nilimsikia akilijibu lile neno 'Ulisema kweli', taratibu, kama mtu anayeitikia kutoka chumba cha pili: "Nilikuambia."

Alipotoka niligeuza uso ukutani kama desturi. Hatua zake zikasimama nyuma yangu. "Mwambie mume wako," akamwambia binti yake, "taa zinawaka."

Kitambaa kiko mezani. Profesa anasimulia kisa hiki shuleni kwake kwa namna yake, na nimesikia kwamba ndani ya simulizi yake mimi ni mjinga. Simzuii. Wanaokuja dukani nawauliza swali moja tu: ni fundi gani mwingine Uvira nzima aliyewahi kupima ugonjwa wa mashine akiwa nje, uso ukutani, bila kuiona wala kuigusa? Na ile filamu sasa nimeanza kuitazama na zile sehemu nisizomo.