Bisibisi ya Shangazi

Katika ofisi yetu ya ustawi wa jamii kuna kipindi bawaba zilikuwa zikilegea kila wiki. Watu wa ghorofa ya juu walisema ni mchwa. Mimi niliyekaa mapokezi nilimjua mchwa mwenyewe: mwanamke mnene, afisa mzoefu kuliko wote, mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani, ambaye sote tulimwita Shangazi. Kila Jumatano asubuhi, kabla wateja hawajafika, alitoa bisibisi kwenye mkoba wake, katikati ya poda na miwani, akazunguka vyumbani akilegeza skrubu huku akiimba.

Afisa wa serikali kuharibu mali ya serikali si jambo dogo, kwa hiyo nianze mwanzo.

Mwalimu wa shule ya jirani alituletea habari za mtoto wa kike wa darasa la tatu. Alikuwa akisinzia darasani, na mlango ukibamizwa anaingia chini ya dawati. Shangazi alikuwa likizo wakati huo, kwa hiyo kesi ilipokewa na Mkuu wetu mpya. Mkuu ni mtu mwema, sisemi, ila alikuwa amehamishwa kutoka idara ya migogoro ya mipaka ya viwanja, na huko ndiko alikopatia sifa. Huko unawaketisha majirani wawili benchi moja, unauliza kigingi kilikuwa wapi, wanapeana mikono, mnakunywa soda. Basi akawaita baba na mama, akawaketisha benchi moja, magoti yanagusana, akauliza kwa upole kabisa: "Mama, mumeo anakupiga?"

Mama yule, fundi cherehani mwembamba aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni, akatazama sakafu. Aliyejibu ni mume. Alisema wanapendana sana, na kwamba binti anasinzia kwa sababu ya minyoo. Alikuwa seremala, mtanashati, meno meupe, akatuaga mmoja mmoja kwa mikono miwili. Mkuu akatangaza kesi imekwisha. Wiki hiyo cherehani ya mama haikuonekana barazani, na mwalimu alipopita pale alimwona dirishani, jicho moja limevimba hadi kufumba. Swali la Mkuu alililipia yeye.

Shangazi aliporudi na kuelezwa, alinyamaza. Sasa, Shangazi akinyamaza ni kama redio umeme ukikatika, kila mtu anainua kichwa. Akaingia kwa Mkuu. Alimwambia kwamba wagombania kiwanja wakitoka hapa kila mtu anakwenda kwake, lakini hawa wanarudi nyumba moja, na ufunguo uko mfukoni mwa mmoja wao. Anayepigwa haulizwi mbele ya anayempiga, hata ukiuliza kwa sauti ya malaika. Mkuu, namsifu kwa hilo, hakubisha. Akauliza afanye nini. Shangazi akamwambia kwamba mwanamume ameshatushtukia, kwa hiyo dawa ni kumvika kilemba cha ukoka mpaka akisahau kichwa chake.

Wazazi wakaitwa tena, safari hii kuzungumzia maendeleo ya mtoto shuleni. Hawajatulia, droo ya Shangazi ikaanguka miguuni pa yule seremala, ambaye tangu siku hiyo tulimwita Fundi. Shangazi akalalamika kwamba ofisi nzima hii haina mwanamume anayejua mbao. Fundi akavimba kifua. Akaipeleka droo stoo, mwisho wa ukumbi, kwenye meza ya kufanyia kazi, na kwa muda wa kukaza droo moja Shangazi akabaki na yule mama peke yao.

Hakumuuliza kwa nini haondoki. Mama mwenyewe alinisimulia baadaye kwamba neno la kwanza lilikuwa "Nakuamini", na la pili lilikuwa swali: mpaka leo umejilinda vipi? Alishangaa, maana alizoea kuulizwa amekosea wapi. Akaeleza jinsi anavyoficha kadi za kliniki na vyeti chini ya sanduku la cherehani, na jinsi alivyomfundisha binti kukimbilia kwa mama wa jirani kila akisikia funguo zikitupwa mezani. Shangazi akamwambia huo tayari ni mpango, sisi kazi yetu ni kuuongezea miguu.

Tangu hapo ikawa kila Jumatano. Kabati likalegea, dirisha likakwama, na Fundi akawa anakuja na mkewe bila kuitwa, kanyoa ndevu, ananiita dada. Anapogonga misumari, mke wake anapanga. Nguo za watoto zilitoka nyumbani kidogo kidogo ndani ya begi la shule, zikalala kabatini kwa mwalimu. Mimi nilikuwa namchukia yule mtu kila nikimmiminia chai. Siku moja nikamwambia Shangazi kwamba nitamwagia mapajani.

"Mwagie," akasema. "Hasira ni zako. Jioni atakayezilipa ni nani?"

Nikarudi kumimina kikombeni.

Mkuu naye, kwa kuwa sasa alikuwa na moto wa mwongofu mpya, alitaka twende na polisi tukamtoe yule mama siku hiyo hiyo. Shangazi akamrudisha kitini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, akamwambia. Sisi tunamjua Fundi kwa saa moja ya Jumatano, mkewe anamjua kwa miaka. Akaongeza kwamba siku mwanamke anapoondoka ndiyo siku mwanamume wa aina hii huwa hatari kuliko zote, kwa hiyo lazima aichague anayeondoka, si sisi tunaobaki na viti vyetu.

Halafu mambo yakageuka. Fundi alipata kazi mji wa mbali, akatangaza kwa furaha, mbele yangu, kwamba mwisho wa mwezi anahama na familia yote. Huko hakuna mwalimu, hakuna mama wa jirani, hakuna Jumatano. Nilimtazama mkewe. Alikuwa amemkumbatia mtoto kama anayemkinga na mvua.

Alipobaki na Shangazi, ni yeye mama aliyetoa shauri. "Mpeni mlango," akamwambia Shangazi. "Ule mkubwa wa ukumbi. Mume wangu haachi mlango katikati. Atanipiga mimi, lakini mlango ataumaliza."

Jumatano ya mwisho, Shangazi hakushika bisibisi. Mkuu, ambaye haruhusu hata kalamu kutoka ofisini bila kusaini, alivua koti akalegeza bawaba za ukumbi kwa mikono yake mwenyewe, jasho linamtoka. Fundi alipofika na kuuona ule mlango umelala upande, macho yakang'aa. Akauvua, walinzi wawili wakaushika, akaanza kupiga randa. Mama akaenda kumnyonyesha mtoto chumba cha nyuma, na chumba cha nyuma kina mlango wake wa kutokea nje. Shangazi alikuwa nje ndani ya gari, na binti, aliyechukuliwa shuleni, alikuwa kiti cha nyuma.

Mimi nilibaki mapokezi nikisikiliza randa. Kila ikinyamaza, roho yangu inasimama. Ikianza tena, nahema. Alipomaliza, mlango ulifunga vizuri, na inaniuma kusema hivyo. Akafuta mikono akauliza mke wake yuko wapi.

Mkuu akatoka ofisini pamoja na askari wa kike wa kituo cha polisi, anayeshughulikia kesi za majumbani. Hakumketisha mtu benchi. Akamwambia Fundi waziwazi kwamba mke wake ameondoka kwa hiari yake, kwamba hatoambiwa aliko, na kwamba huyu askari ana maswali ya kumuuliza. Fundi akatazama nyundo mkononi mwake. Askari akanyoosha kiganja, taratibu tu, akasubiri mpaka ikawekwa juu yake.

Mchana nikawapelekea begi lililobaki kwa mwalimu, kwenye nyumba ya hifadhi ambako Shangazi aliwapeleka. Nyumba yenyewe ina vyumba vidogo safi, mapazia ya maua, mlinzi getini. Mama alikuwa amelala na mtoto kifuani, usingizi wa mtu aliyetoka safari ya miaka. Binti alikuwa ameketi kitanda cha pili, begi begani, viatu miguuni. Shangazi alimwambia anaweza kuvivua. Akakataa. Alisema nyumbani huwa analala navyo, kwa sababu kukimbia peku kunaumiza.

Shangazi akakaa kando yake. Mtoto akauliza: "Baba atajua tuko hapa?"

Nilitegemea aseme hapana. Nani asingesema hapana?

"Siwezi kukuahidi kwamba hatajua," Shangazi akajibu. "Ninachokuahidi ni kwamba hatajua kutoka kwangu. Na akija, getini kuna mtu, na mama yako hatakuwa peke yake."

Mtoto alifikiri. Akaangalia mlango, akaangalia dirisha, akamwangalia mama yake. Kisha akainama, akafungua kamba za kiatu cha kulia, akakivua na kukiweka chini ya kitanda. Cha kushoto akabaki nacho.